Bia ya Kutazamia Mechi za Mataifa, Tukiwa Mombasa

Wengi wakitaka kuoanisha bia na mechi huangalia bendera tu. Ujerumani ikicheza, bia ya Ujerumani; Ubelgiji ikicheza, ya Ubelgiji. Bendera ni mwanzo mzuri, nami huanzia hapo. Lakini katika miaka ya kukusanya marafiki nyumbani Kisauni kila timu za taifa zinapokutana, nimeona kwamba vinavyoamua zaidi ni joto letu na saa ya mechi. Bia inayofaa ni ile itakayokufikisha dakika ya 90 ukiwa bado unaona nani ameotea na nani hakuotea.

Tuanze na saa. Kombe la Dunia likichezwa Amerika, kama la 2026 la Marekani, Kanada na Meksiko, mechi nyingi kwetu huangukia kati ya saa nne usiku na alfajiri. Sheria ya vileo ya mwaka 2010 inaitaka baa ya kawaida ifunge saa tano usiku, kwa hivyo mechi ya saa nne utaiona baa kipindi cha kwanza tu. Heri nyumbani, madirisha wazi upepo wa bahari uingie, na kila mtu awe amepanga mapema atakavyorudi kwake. Wa Likoni, ng'ambo ya feri, alale hapo hapo. Na kwa saa hizo, bia ya kileo cha asilimia 4 au 5 inatosha kabisa.

Joto nalo. Usijaze barafu tupu kwenye kasha ukadhani umemaliza. Tia barafu, kisha maji, kisha chumvi viganja viwili. Barafu peke yake huigusa chupa sehemu sehemu, lakini maji huizunguka yote, na chumvi huyafanya yashuke chini ya nyuzi sifuri bila kuganda. Bia hupoa upesi mno. Halafu mimina kidogo kidogo. Huko Cologne, Ujerumani, bia yao ya Kölsch hunywewa kwa glasi nyembamba ya mililita 200, ikiisha unaletewa nyingine. Mtu wa Pwani anaihitaji desturi hiyo kuliko Mjerumani mwenyewe, maana glasi kubwa hapa hupata moto kabla hujafika katikati.

Ukienda kununua za ng'ambo, kwenye supamaketi kubwa au maduka ya vileo ya Nyali, tazama chupa imekaa wapi. Mwanga ukiipiga bia, hopsi, yale maua yanayoipa uchungu, hubadilika na kutoa harufu mbaya. Chupa ya kahawia huikinga vizuri, ya kijani kidogo tu, na nyeupe kama ya Corona haikingi karibu chochote. Iliyopangwa dirishani penye jua iache hata ikiwa bei imeshuka. Omba ya ndani ya friji, au ya katoni ambayo haijafunguliwa. Meksiko ikicheza, Corona yenye kipande cha ndimu na muhogo wa kuchoma uliopakwa pilipili ni raha tupu, mradi iwe haijaonja jua letu.

Kama nikiambiwa nichague bia moja tu ya mashindano yote, nitachukua pilsner. Ilizaliwa Plzeň, Bohemia, Jamhuri ya Cheki ya leo, mwaka 1842, mikononi mwa mtengenezaji kutoka Bavaria aitwaye Josef Groll. Zama hizo bia nyingi zilikuwa na rangi nzito. Yake ilitoka ya dhahabu, safi, na uchungu unaosafisha ulimi. Uchungu huo ndio unaoifanya ikae vyema na viazi karai na bajia, kwa sababu hukata mafuta na kukurudishia hamu. Nchi hiyo hiyo, enzi za Chekoslovakia, ndiyo iliyotupa Antonín Panenka, aliyeuinua taratibu mpira wa penalti katikati ya lango huku kipa Sepp Maier akiruka upande, na kuinyima Ujerumani Magharibi taji la Ulaya mjini Belgrade mwaka 1976. Kila nikiona mechi inaelekea mikwaju ya penalti, mimi hufungua pilsner, iwe anacheza nani.

Kwa Ujerumani wengi watakupa lager, lakini nakusihi ujaribu Weissbier, bia ya ngano. Hamira yake yenyewe hutoa harufu ya ndizi mbivu na karafuu, bila kutiwa ndizi wala karafuu. Mtu aliyelelewa na pilau ataitambua harufu hiyo mara moja! Ni laini, ina ukungu, na mbele ya samaki wa kupaka haina mshindani, kwa kuwa haipigani na nazi. Usipoipata, Windhoek ya Namibia si ya kudharau. Nayo hutengenezwa kwa kufuata kanuni ya Bavaria ya mwaka 1516, ya maji, shayiri na hopsi.

Nigeria ikiingia uwanjani, mimi huweka Guinness. Najua asili yake ni Dublin, mwaka 1759, ila Wanigeria wamekuwa wakiitengeneza kwao tangu miaka ya 1960 na wameifanya yao. Ile ya Afrika ni kali na nzito kuliko ya pampu ya Ireland, kwa hivyo chupa moja kwa mechi nzima, pamoja na mishkaki iliyoungua kidogo pembeni. Baa zetu huuliza, "Moto ama baridi?" Kwa bia hii jibu langu ni katikati: itoe kwenye friji timu zikiimba nyimbo za taifa, uifungue mchezo ukishachangamka. Baridi kali huificha ladha ya kahawa na shayiri iliyokaangwa.

Za watawa wa Ubelgiji, kama tripel ya Westmalle ya asilimia 9.5, fungua moja wakati wa mapumziko na mgawane watu watatu. Brazil haihitaji maelezo marefu: bia yoyote nyepesi, baridi ya kuumiza meno, na kamba wa kukaanga.

Kwangu nusu ya wageni ni Waislamu, na hawa wana haki ya kinywaji kilichofikiriwa vilevile, si soda iliyobaki. Siku ya Morocco sisi sote, wanywaji na wasiokunywa, tunakunywa chai ya kijani yenye nanaa na sukari ya kutosha. Siku nyingine nawawekea maji ya ukwaju au madafu, katika vikombe ambavyo havijawahi kutiwa bia, kwenye kasha lao la barafu. Ukishindwa kupanga hivyo, mwaga wazo la bia siku hiyo.

Na Harambee Stars? Hapo sishindani na mtu, ni Tusker, bia ya kampuni iliyoanza mwaka 1922. Vijana walipoilaza Morocco 1-0 katika CHAN, michuano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za nyumbani, Agosti 2025, wakiwa wamebaki kumi uwanjani, hakuna aliyekumbuka bia ya nje. Ila AFCON ya 2027 inakuja hapa Kenya, Tanzania na Uganda, na ningependa mgeni wa Mombasa aonjeshwe pia mnazi, ile pombe inayogemwa kwenye minazi. Kwa mechi ya jioni chukua uliogemwa jioni hiyo, ungali mtamu, kwa mgema unayemjua. Wa jana umeshakuwa mkali. Unywe kwa mrija, na ukiubeba kwenye chupa ya plastiki legeza kifuniko, kwani bado unachachuka na hewa yake inaweza kukupasulia chupa ndani ya tuktuk.