Maswali ya Wasomaji: Spectrum ya Chenga na Commodore ya Kioo Cheusi

SWALI: Habari za kazi, mafundi. Nina kompyuta ya ZX Spectrum ya 48K aliyorudi nayo mzee kutoka Uingereza miaka ya 80. Kwenye TV ya flati napata chenga tu. Kwenye TV ya chogo inatoka mistari ya wima, maandishi hakuna. Fundi wa hapa mtaani anasema chipu kuu imekufa, niitupe. Ni kweli?
Msomaji, Majengo, Moshi

JIBU: Usiitupe, ndugu yetu. Hayo ni matatizo mawili, na chipu kuu ni ya mwisho kushukiwa.

Chenga ni suala la TV. Spectrum haina AV (tundu la kutoa picha moja kwa moja). Inatoa mawimbi ya antena ya analojia, UHF chaneli ya 36. TV ya flati ikitafuta stesheni za dijitali haitaiona hata siku moja. Ingia kwenye menyu, chagua analojia, utafute kwa mkono. Kama TV yako haina analojia, tengeneza AV: fungua kile kiboksi cha bati penye tundu la antena, tenga rezista iliyoungwa kwenye pini ya katikati ya tundu, kisha leta waya wa picha kwenye pini hiyo kupitia kapasita ya 100 µF, upande wa chanya ukielekea kwenye kompyuta. Waya wa volti 5 unaoingia humo ufunge kwa tepu usiguse bati.

Sasa mistari. Ikionekana, maana yake chipu inayochora picha iko hai. Inachosoma kwenye memori ndicho takataka. Anza na adapta: volti 9 DC, ampea 1.4, na hasi iwe KATIKATI. Adapta nyingi za madukani zina chanya katikati, na hiyo inaunguza bodi. Ile ya asili ikipimwa bila mzigo inaweza kupita volti 12, usishtuke.

Unapofungua, riboni mbili za kibodi zichomoe wima, taratibu. Plastiki yake imekauka na hukatika palepale inapoingia kwenye soketi.

Washa, waya mweusi wa mita uguse bati la rejuleta (kidhibiti cha volti) ya 7805. Pima chipu nane za memori, za 4116: mguu wa 9 utoe volti 5, wa 8 volti 12, wa 1 hasi 5. Kama 5 ipo lakini 12 na hasi 5 hazipo, transista TR4 (ZTX650) imekufa, na mara nyingi iliyoiua ni 4116 moja yenye shoti. Zima upesi, kwa sababu 4116 zikikosa hasi 5 huungua moja baada ya nyingine. Ukibadilisha TR4 bila kuitafuta hiyo yenye shoti, na mpya itakufa. Chipu inayochoma kidole kuliko wenzake ndiyo ya kuanza nayo.

Kuitoa, usipashe moto miguu yote kwa pamoja. Njia za shaba za bodi hizi hubanduka. Kata miguu 16 kwa koleo dogo, toa mmojammoja, kisha weka soketi.

SWALI: Kompyuta yangu ya Commodore 64 inawaka taa nyekundu lakini kioo cheusi. Nianzie wapi?
Msomaji, Sakina, Arusha

JIBU: Anzia kwenye adapta, na usiiwashe tena kabla ya kuipima. Taa haithibitishi kitu. Adapta za asili zimejazwa gundi ngumu, hazipoi, na rejuleta yake ikifa volti 5 hupanda na kuua memori. Pima plagi ikiwa imechomolewa kwenye kompyuta: pini ya 5 na ya 2 zitoe volti 5 DC, ya 6 na ya 7 zitoe volti 9 AC. Ikizidi 5.25 kwenye DC, adapta hiyo haifai tena, hata kama kompyuta "ilikuwa inawaka jana". Ikiwa sawa, mshukiwa anayefuata ni chipu ya PLA (inayochagua chipu ipi isomwe), halafu memori. Wengi hukimbilia chipu ya picha, ambayo ni ghali na mara nyingi ni nzima.