Umeteuliwa Katibu wa Elimu wa Jimbo? Usianze na Kitabu cha Mpango

Mpango mkakati wangu wa kwanza ulikuwa na kurasa 64. Jalada lilibeba picha ya kanisa kuu; ndani kulikuwa na dira, dhima, malengo makuu saba na majedwali ya rangi tatu. Tuliuzindua kwa Misa, tukala pilau, tukapiga picha. Miaka miwili baadaye nilifika kwenye shule yetu moja ya bweni, nikaingia chumba cha mhasibu kuazima kalamu, nikaona karatasi ninazozifahamu zimebanwa pamoja mezani. Zilikuwa kurasa za mpango wangu. Kwa kuwa zilichapwa upande mmoja, mhasibu alikuwa akitumia upande wa pili kupigia hesabu za unga.

Nilikasirika kwanza, halafu nikazisoma zile hesabu. Shule ilikuwa inanunua mahindi Januari na Februari, ada inapoingia, wakati gunia liko ghali kuliko miezi mingine. Julai na Agosti, mahindi yamemwagika sokoni, akaunti yao ilikuwa imekauka. Nilipouliza shule ya jirani, ya shirika jingine la masista, nikakuta nao wanafanya hivyo hivyo, tena kwa mfanyabiashara yuleyule. Kwenye upande wangu wa karatasi paliandikwa "kuimarisha uendelevu wa kifedha". Upande wa pili palikuwa na tatizo lenyewe kwa tarakimu, kwa mwandiko wa mtu ambaye sikuwahi kumwalika kwenye kikao hata kimoja.

Kiti cha Katibu wa Elimu wa jimbo letu Katoliki nilikikalia miaka tisa, sasa nimerudi darasani kufundisha Jiografia. Ninakuandikia wewe uliyepokea barua ya Baba Askofu hivi karibuni, uwe padre, sista au mlei kama mimi, na unajiuliza uanzie wapi.

Anza kwa kujua nani anamiliki nini, kwa maana tunaposema "shule zetu" tunachanganya mambo mengi. Kuna shule za jimbo, za parokia, za mashirika ya kitawa, na seminari ndogo zenye taratibu zake. Serikali nayo haina habari na mtandao wako wa shule. Inamjua mmiliki na meneja wa kila shule, kwa namba ya usajili. Kwa Kanisa, kanuni ya 803 ya Sheria za Kanisa inasema shule haiwezi kujiita Katoliki bila ridhaa ya mamlaka husika ya Kanisa, na kanuni ya 806 inampa Askofu haki ya kuzisimamia na kuzitembelea shule Katoliki zote zilizo jimboni mwake, hata zile za mashirika. Lakini kanuni hiyo hiyo inalinda uhuru wa shirika katika uendeshaji wa ndani wa shule zake. Soma sentensi hiyo mara mbili kabla hujaandika waraka wowote.

Mimi sikuisoma. Mwezi wangu wa pili niliandika barua ya kuziagiza shule zote, pamoja na za mashirika, kuleta bajeti ofisini kwangu kufikia tarehe fulani. Mama Mkuu wa shirika moja alinijibu kwa mistari mitatu: Tumsifu Yesu Kristo, barua yako tumeipokea, tutaiombea. Ilinichukua karibu mwaka mzima kurudisha uhusiano ule, na ulirudi siku nilipokwenda mwenyewe nyumba mama, nikakaa kwenye benchi nje nikisubiri kama wengine, nikaomba ushauri badala ya bajeti.

Kwa hiyo miezi mitatu ya mwanzo zunguka. Usiende na dodoso. Fika asubuhi wakati wa paredi, kula ugali na maharage ya wanafunzi, kaa kwa mhasibu, ongea na matroni na mlinzi. Omba kuona vitu vinavyoshikika: cheti cha usajili, hati ya ardhi, mikataba ya walimu, risiti za NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii. Utashangaa. Nilikuta shule iliyojengwa kwenye eneo ambalo hati yake inasoma jina la mzee aliyelitoa kwa mdomo, naye alishafariki, na wajukuu wameanza kupima viwanja. Mambo ya namna hii hayaingii kwenye dira ya mtu, lakini yanaweza kuifunga shule kabla ya malengo yako saba kufika hata la kwanza.

Historia nayo ijue, maana wazee watakuuliza. Sheria ya Elimu ya 1969 ilizitaifisha shule nyingi za misheni, ikiwemo Pugu, alikofundisha Mwalimu Nyerere hadi alipoacha kazi mwaka 1955. Seminari zilibaki kwa Kanisa. Hati ya Makubaliano ya 1992 kati ya Serikali na makanisa, iliyozaa CSSC, Tume ya Kikristo ya Huduma za Jamii, ilikuja wakati milango ilikuwa imeanza kufunguka tena, na shule nyingi tulizonazo leo zilizaliwa kuanzia miaka hiyo, kwa fedha za wafadhili wa nje waliojenga madarasa na mabweni kisha wakaondoka. Halafu mwaka 2016 ada ikafutwa kwenye sekondari za Serikali hadi kidato cha nne, na 2022 ikafutwa kwa kidato cha tano na cha sita. Zile shule zetu zenye ada ndogo na matokeo ya wastani, zilianza kupoteza watoto mmoja mmoja. Ukiona bweni la watoto themanini lina watoto thelathini, usimlaumu mkuu wa shule haraka.

Baada ya kuzunguka utakuwa na matatizo arobaini kwenye daftari. Chagua mawili, yale ambayo shule moja haiwezi kuyamaliza peke yake. Mengine waachie wenyewe, hata yakikuuma. Kwetu yalikuwa unga na mitihani.

La unga lilikwenda kwa shida lakini lilikwenda. Shule sita zilikubali kutenga fedha kwenye awamu ya ada ya Julai, tukatuma wahasibu wawili na dereva kununua mahindi kwa pamoja baada ya mavuno. Mwaka wa kwanza tulihifadhi vibaya, dumuzi wakala sehemu ya mzigo, na mkuu mmoja akajitoa. Mwaka wa pili tulinunua mifuko isiyopitisha hewa na kuinua magunia juu ya mbao. Mkuu yule alirudi mwenyewe mwaka wa tatu bila kuitwa. Angalia jambo moja hapo: nilikuwa sijaandika popote neno "ushirikiano". Wahasibu walikuwa wameshapeana namba, na walipokutana kwa ajili ya mahindi walianza kuulizana na habari za mishahara, madeni ya ada na jinsi ya kufunga hesabu za mwaka. Mtandao ulianzia kwao, siyo kwa wakuu wa shule, na wala siyo kwangu.

Mitihani ya ujirani mwema ilinifundisha kwa njia chungu zaidi. Tulitunga mtihani mmoja wa kidato cha nne kwa shule zote, tukausahihisha pamoja, na mimi, kwa furaha zangu, nikabandika orodha kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho. Mwaka uliofuata karatasi ya Hisabati ilivuja kabla ya siku yake. Hakuna mkuu aliyesema ni nani, na sikuwa na sababu ya kushangaa, kwa kuwa mimi ndiye niliyewapa sababu ya kuiba. Tukabadili. Kila mkuu alipata matokeo yake kwenye bahasha yake, na siku nzima tukaitumia kwa walimu wa somo kukaa kwa meza zao wakipitia swali baada ya swali: watoto wa shule gani wamelipata, mwalimu aliwafundisha vipi. Mwalimu mmoja wa Fizikia, shule ya mwisho kabisa kwa wastani, ndiye aliyekuwa na watoto wengi waliopata swali la umeme, akasimama kuwaonyesha wenzake kwa betri na waya alizotoa mfukoni. Orodha yangu isingemwona mtu huyo. NECTA, Baraza la Mitihani la Taifa, walipoacha kutangaza shule kumi bora mwaka 2023, baadhi ya wakuu wenzetu walilalamika kwamba wamenyang'anywa tangazo la bure, mimi nilipumua.

Na hapa niseme kitu ambacho hakipendwi vikaoni. Ziko shule zinazopandisha wastani kwa kuwaondoa watoto dhaifu kidato cha pili au cha tatu, kwa barua ya heshima inayomshauri mzazi atafute "mazingira yatakayomfaa zaidi". Ukikuta hilo kwenye mtandao wako, lizungumze na Askofu kabla ya jambo jingine lolote. Tamko la Mtaguso wa Pili wa Vatikano kuhusu elimu la 1965 linawataja waziwazi maskini na walio mbali na imani kama watu ambao Kanisa linapaswa kuwajali katika shule zake. Huwezi kulibandika ukutani na huku chini ya ukuta huo unafungasha begi la mtoto.

Sasa viongozi, ambako ndiko nilikopoteza usingizi mwingi. Mkuu wa shule kwetu huteuliwa kwa sababu ni mwalimu mzuri, au ni sista mtiifu, au ndiye aliyerudi masomoni mwaka huo. Jumatatu anafundisha Biolojia, Jumanne anatia saini hundi. Hajawahi kusoma taarifa ya benki wala kumwandikia mwalimu barua ya onyo, na hajawahi kukaa mbele ya wathibiti ubora, wakaguzi wa shule wa Serikali, wakimuuliza andalio la somo la mtu mwingine. Semina ya siku tatu mjini, yenye chai na sambusa, haimsaidii sana. Kilichotusaidia ni kumpeleka kwenye shule nyingine wiki mbili kabla ya kushika ofisi, akae na mkuu mzoefu tangu kengele ya alfajiri hadi taa za bweni kuzimwa, aone anavyoongea na mzazi mwenye deni, anavyokataa kununua kitu, anavyonyamaza. Gharama yake ni nauli.

Tatizo la pili ni uhamisho. Sista anapokea utii wa kwenda kwingine, mara nyingi katikati ya mipango, na anaondoka na kila kitu kichwani mwake. Usishindane na shirika kuhusu utii. Hutashinda na haikuhusu. Omba mambo mawili tu: uhamisho ufanyike mwisho wa mwaka wa shule, na mkuu anayeondoka akae na anayeingia walau wiki moja, mbele ya daftari la makabidhiano lenye madeni, mikataba, kesi za nidhamu na ahadi alizowapa wazazi kwa mdomo. Hizo za mdomo ndizo zinazoumiza. Kisha wekeza kwa makamu, hasa akiwa mlei anayekaa. Makamu akishiriki kila kikao cha mtandao, mkuu mpya anakuta mtu anayejua tulikofikia.

Walimu watakukimbia ajira za Serikali zikitangazwa. Kubali. Niliwahi kushauri tuwafunge kwa mikataba yenye faini, na mwanasheria wa jimbo akanicheka. Waliobaki kwetu walibaki kwa sababu mshahara ulifika tarehe iliyosemwa na michango yao ya NSSF ilikuwa imepelekwa kweli. Mwalimu hugundua kwamba makato yake hayajapelekwa siku anayoyahitaji, na habari hiyo hufika shule zote kabla ya jua kuzama.

Kuhusu mtaala ulioanza 2024 na mkondo wa amali, yaani masomo ya ufundi na stadi za kazi, usiruhusu kila shule ijenge karakana yake. Ramani iweke mezani, mkubaliane nani achukue ushonaji, nani ufundi umeme, nani kilimo. Hapo mtandao una faida kuliko shule yoyote ya mtu binafsi.

Mchango wa kuendesha ofisi yako uwe mdogo na hesabu zake zisomwe mbele ya wahasibu walewale. Wakikuuliza petroli imekwenda wapi, jibu.

Na kabla hujaitisha kikao cha kwanza, fikiria mahali. Cha kwangu nilikifanyia ukumbi wa jimbo, meza ikiwa na kitambaa cheupe na mimi nikiwa mbele na kipaza sauti. Wewe kifanyie kwenye ile shule yenye hali ngumu kuliko zote, ukiwa umemwomba mkuu wake ruhusa mapema na kumwambia kwa nini. Kila mkuu aje na mhasibu wake. Chakula kiwe cha wanafunzi, na kabla ya kula, mpishi awaeleze debe moja la mahindi linalisha watoto wangapi.