Filamu Moja kwa Wiki Inatosha

Mwezi wa kwanza tulipoanza kuwasomesha watoto nyumbani hapa Umoja, Nairobi, nilikesha siku tatu nikikusanya filamu za utamaduni mtandaoni. Nilipata zaidi ya 40. Nikaziandika zote kwenye daftari, moja kila asubuhi baada ya hesabu, nikajua muhula mzima umepangika. Kufikia Alhamisi ya wiki ya pili bando lilikuwa limekwisha. Nilipomuuliza binti yangu wa miaka 12 alichotazama Jumatatu, alinijibu, "Watu walikuwa wanacheza ngoma, Mama." Watu gani? Wa wapi? Ngoma ya nini? Hakuwa na la kusema, na kosa lilikuwa langu.

Tangu siku hiyo tunatazama filamu moja tu kwa wiki, na iwe fupi. Tunaitazama angalau mara mbili. Kisha ni lazima tufanye kitu kinachotokana nayo, kitu cha mkono, cha sikio au cha miguu. Naandika haya kwa sababu wazazi wenzangu wanaofundisha nyumbani wananiomba orodha kila mara. Orodha ninayo, ila ukiipokea bila huo utaratibu nitakuwa nimekupa mzigo.

Ninaanza na Folkstreams. Ni tovuti ya Marekani iliyoanzishwa na mtengeneza filamu Tom Davenport, na imekusanya filamu za hali halisi kuhusu sanaa na maisha ya watu wa kawaida wa huko: waimbaji, wafinyanzi, wakulima, wasimulizi. Hulipi chochote. Mama mmoja wa Donholm aliniuliza mbona nianze na Wamarekani ilhali watoto wetu hawazijui hata ngoma za kwao. Swali zuri, na nililichukua kwa uzito. Mimi nimeona kwamba mtoto wa Nairobi ameshazoea sauti zinazomzunguka kiasi cha kutozisikia tena. Akikutana na jambo hilohilo kwa wageni, ndipo masikio yanapofunguka akirudi nyumbani.

Nichukue mfano wa wiki ya reli, maana ndiyo iliyonifundisha kazi hii. Kuna filamu ya kama nusu saa iitwayo Gandy Dancers, inayowahusu wazee weusi wa kusini mwa Marekani waliokuwa wakinyoosha reli kwa mikono kabla ya mashine kuichukua kazi hiyo. Mmoja anaita, wenzake wanaitikia, na kwa mpigo mmoja wote wanaisukuma reli kwa mitaimbo. Jumatatu tuliitazama bila kusema neno. Jumanne tuliirudia, kila mtoto na karatasi yenye safu tatu: anayeita anasema nini, wanaoitikia wanasema nini, na chuma kinasogea wakati gani. Safu ya tatu ndiyo iliyowafanya wakae wima. Waligundua wenyewe kwamba wimbo ule haukuwa wa kupunguza uchovu tu. Ndio uliokuwa ukiamua lini misuli yote ivute kwa pamoja, na bila huo reli haisogei.

Jumatano nikafungua mlango wa fasihi simulizi. Sote tuliosoma Kiswahili Kenya tulikariri: hodiya ni wimbo wa kazi, wawe ni wa kilimo, kimai ni wa baharini. Tuliyakariri maneno hayo tukayajibia mtihani, yakaisha hapo. Binti yangu aliposikia hodiya siku ile hakuhitaji maana. Alisema, "Kumbe ni hii." Tukalizungumza pia neno harambee, ambalo wao walilijua kama mchango wa harusi na matibabu tu, hawakujua kwamba ni mwito wa watu wanaovuta kitu kizito pamoja.

Siku ya Alhamisi nyuma ya ploti yetu kulikuwa na mjengo, na siku hiyo walikuwa wanamwaga slabu. Anayeijua kazi hiyo anajua haisimami: kokoto na saruji zinakorogwa chini, makarai yanapita mkono kwa mkono mpaka juu. Nilimwendea msimamizi kwanza, nikamweleza kwamba wanangu wanasoma nyumbani na wangependa kusikiliza. Alitupa dakika 20, tukae kando ya uzio. Kijana mmoja kwenye ngazi alikuwa ndiye mwitaji. Mwanangu wa miaka tisa, ambaye vitabu humchosha upesi, aliandika sentensi moja iliyonifurahisha kuliko insha yoyote aliyowahi kuandika: kijana alipoacha kuita ili anywe maji, makarai yalikwenda polepole. Jioni tulisikiliza tulichorekodi kwa simu, kwa idhini yao, tukakiandika neno kwa neno. Jumamosi baba yao akawapeleka makumbusho ya reli, wakaisikie habari ya njia iliyofika hapa Nairobi mwaka 1899. Kazi ya wiki nzima ilitokana na filamu moja.

Sasa tuje kwa ya kwetu.

Mwaka 1950 mtafiti Hugh Tracey alipita Afrika Mashariki na mitambo yake akirekodi muziki, na miaka minne baadaye akaanzisha maktaba ya muziki wa Kiafrika ambayo leo iko Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini. Inajulikana kwa kifupi kama ILAM. Miongoni mwa alizorekodi ni wimbo wa wasichana wa Kikipsigis wa upande wa Kapkatet, wakimwimbia kiumbe nusu mtu nusu paa aitwaye Chemirocha. Jina hilo lilitokana na Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani ambaye santuri zake zilikuwa zimefika huko na gramafoni. Watu walisikia sauti na gitaa bila kumwona mtu, wakampa mwili wanaoujua wao.

Nawasihi mtumie wimbo huu. Ni mfupi, unapatikana kwa urahisi, na una masomo chungu nzima ndani yake. Tuliusikiliza kabla sijawaambia lolote, nikawaomba wachore wanayedhani anaimbwa. Kisha nikawasimulia habari za Rodgers, tukamsikiliza na yeye. Binti yangu aliuliza swali ambalo sikulitarajia: wale wasichana waliwahi kujisikia? Ilinichukua siku mbili kumtafutia jibu. Zaidi ya miaka 60 baadaye, watu wa ILAM pamoja na wenzao wa hapa kwetu walizirudisha sauti hizo kijijini, wazee na jamaa wakazisikia. Wenzao hao ni pamoja na Ketebul Music ya hapa Nairobi, iliyoanzishwa na Tabu Osusa. Hao hao wa Ketebul wana mradi uitwao Singing Wells, unaorekodi muziki wa jadi wa Kenya na nchi jirani palepale unapopigwa, na video zake ni za bure. Ukitaka video zenye sauti safi zisizo na kelele za sherehe, anza huko.

Katika tovuti ya UNESCO tafuta orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika. Kenya ina ngoma ya isukuti ya Waisukha na Waidakho, iliyoingizwa mwaka 2014 kati ya zinazohitaji kulindwa kwa haraka, mila za makaya, yaani misitu mitakatifu, ya Wamijikenda (2009), na mila tatu za Wamaasai za kuwavusha wanaume kutoka rika hadi rika, Enkipaata, Eunoto na Olng'esherr (2018). Kila moja ina picha, maelezo na video fupi. Kwetu isukuti ina uzito wake, kwani mume wangu ni wa Shinyalu, kwa Waisukha. Tulitazama ngoma tatu, kubwa, ya kati na ndogo, pamoja na pembe ya mnyama na njuga za chuma, wanaume mstari wao na wanawake wao. Kisha tukampigia mama mkwe simu. Nilikuwa nimepanga dakika 10. Alikaa saa nzima. Aliwaeleza ni nyimbo gani huimbwa msibani na zipi arusini, akawaimbia mbili, na akawakataza wasizichanganye hata kwa mchezo. Maelezo ya UNESCO ni mazuri, lakini hayakuwa na katazo hilo.

Kwa vitabu na sauti za zamani, Internet Archive ya San Francisco, iliyoanzishwa mwaka 1996, haina mfano. Humo utapata Swahili Tales za Edward Steere, zilizochapishwa mwaka 1870 kutoka kwa wasimulizi wa Unguja, Kiswahili upande mmoja na Kiingereza upande wa pili. Ile ya kima na papa imo: papa anambeba kima mgongoni baharini, kisha anamwambia kwamba sultani mgonjwa anahitaji moyo wa kima, naye kima anajibu kwamba moyo ameuacha nyumbani mtini. Mimi niliisikia Msambweni nikiwa mdogo, na ilinisisimua kuiona imeandikwa hivyo miaka mingi kabla ya nyanya yangu kuzaliwa. Tunasoma ukurasa mmoja kwa zamu, kisha wanaisimulia upya bila kitabu. Lahaja ya zamani isikuogopeshe, maana ndilo somo lenyewe. Jihadhari tu na jambo moja: yeyote anaweza kupakia kitu kule, kwa hiyo maelezo ya chini ya faili yasiaminiwe kabla hujayalinganisha na mengine. Kwa wadogo wanaoanza kusoma, African Storybook ina hadithi za bure kwa Kiswahili, Kikikuyu, Kibukusu, Kiturkana na lugha nyingine nyingi, na unaweza kuzichapisha.

Kuna jambo ambalo lazima niliseme wazi. Tazama kila filamu wewe mwenyewe kwanza, mwanzo hadi mwisho. Niliwahi kuwawekea wanangu filamu ya zamani bila kuikagua, na msimulizi wake Mwingereza akawa anawazungumzia wazee wetu kama watoto wasio na akili, huku wao wenyewe hawapewi nafasi ya kusema hata neno. Mwanangu mdogo alinyamaza, kisha akauliza kama babu zetu walikuwa hivyo kweli. Niliumia. Siku hizi filamu za aina hiyo nawawekea wakubwa tu, na kwa makusudi. Tovuti ya Colonial Film ya Uingereza imeorodhesha zaidi ya filamu 6,000 za enzi ya ukoloni, na zaidi ya 150 zinatazamika. Tunazima sauti, binti yangu anaandika anachokiona kwa macho yake, watu wanafanya nini, wana ujuzi gani mikononi. Ndipo tunawasha sauti na kulinganisha. Tofauti ya karatasi yake na maneno ya msimulizi ndiyo inayotupa mazungumzo. Angalia pia matukio ya tohara, uchinjaji na maziko. Mwenye kuamua mwanao yuko tayari lini ni wewe.

Kuhusu gharama, nina machache. Usitazame moja kwa moja kwa data za simu kama unaweza kuepuka. Vya Internet Archive vinavyoruhusiwa kupakuliwa, pakua ukiwa penye Wi-Fi, chagua faili dogo, weka kwenye flashi, na umeme ukipotea kompyuta yenye chaji itakutosha. Folkstreams hutazamwa mtandaoni, kwa hiyo filamu fupi ni nafuu ya bando. Filamu nyingi za huko zina pia maandishi ya yote yanayosemwa. Mimi huyachapisha pale saiba, shilingi 10 ukurasa, na kwa watoto wanaoshindwa na lafudhi ya kusini mwa Marekani, karatasi hiyo ndiyo inayowaokoa. Hata mimi huihitaji.

Na kila tunachorekodi sisi wenyewe kina kadi yake: nani anaimba, wapi, tarehe gani, nani alishika simu, na je, aliruhusu wengine wasikie? Mambo hayo matano tu. Kadi hizo zimekaa kwenye boksi la viatu, zinafikia 31. Mama mkwe ana tatu zake, na mbili kati ya hizo ameagiza zisitoke nje ya familia, kwa hiyo hazitoki.

Wiki hii tumo katika filamu ya dakika kumi hivi ya mzee Othar Turner wa Mississippi, anayekata mwanzi na kuutoboa matundu kwa chuma cha moto mpaka ukawa filimbi. Binti yangu aliitazama mara moja tu akasema, "Mama, si hiyo ni chivoti?" Kwetu Udigoni ndiyo filimbi yetu, na niliwahi kumtajia siku moja tu, tukipika. Tumepata kipande cha mwanzi kwa fundi wa viti, tumepasha msumari kwenye jiko la makaa nje mlangoni, mkono wangu juu ya wake. Matundu mawili ya kwanza yanatoa sauti. La tatu limekaa vibaya, linatoa pumzi tu. Mjomba wake wa Msambweni ameomba tumtumie picha leo jioni, aone tulipokosea.