Kupanda mahindi kwa mvua za kwanza

Ndugu yangu wa Sikonge, umeuliza kama upande mahindi wiki hii kwa kuwa utabiri umetaja mvua. Ningekushauri usubiri. Mkoa wako wa Tabora una msimu mmoja tu wa mvua, takribani Novemba hadi Aprili, na mvua za mwishoni mwa Oktoba mara nyingi hufuatwa na siku kadhaa za jua kali, ambazo huikausha mbegu iliyokwisha kuchipua (na mbegu ya dukani si ya kuchezea). Isitoshe, utabiri huhusu eneo pana, ilhali mvua ya radi yaweza kumnyeshea jirani ikakuruka wewe. Mvua ikinyesha, chimba kwa jembe: unyevu ukifika kina cha kiganja kizima, panda, ukikuta vumbi chini ya tope, endelea kuandaa matuta.