Re: Siku tano za mwisho Zanzibar, Nungwi au Paje?

Poleni na safari, ndugu. Umeuliza siku tano za mwisho Zanzibar mkae Nungwi au Paje, wewe ukitaka kuzamia na mkeo kupumzika. Baada ya Kampala, Kigali na Bujumbura kwa mabasi, mkeo akisema anataka kulala tu, msikilize.

Kwa mapumziko, mimi ningeenda Nungwi au Kendwa, kaskazini mwa kisiwa. Huko maji hayakimbii mbali, mnaogelea karibu saa zote. Paje na Jambiani, pwani ya mashariki, ni kuzuri pia, lakini maji yakitoka, hasa bamvua (siku maji yanapojaa na kutoka sana), mnabaki na uwanda wa mchanga, mashamba ya mwani na akina mama wakivuna. Kupendeza kunapendeza, ila kuoga msubiri maji yajae. Mkitembea upwani maji yakitoka, vaeni viatu: ile miiba myeusi ya viumbe wa baharini ikiingia mguuni likizo imeisha. Nungwi ubaya wake ni kelele za usiku, basi ulizeni chumba kilicho mbali na baa.

Kuhusu kuzamia kwako kwa mtungi wa hewa: fanya siku za mwanzo. Kama mnarudi Nairobi kwa ndege, acha angalau saa 18 baada ya mzamio wa mwisho, 24 ni salama zaidi. Mwenye pumu au tatizo la masikio aonane na daktari kwanza.

Halafu mmetoka kwenye mbu wengi. Mmoja wenu akipata homa, msiseme ni uchovu wa njiani. Nendeni mkapime malaria siku hiyo hiyo.

Ratiba msipange. Mji Mkongwe nusu siku, mkitaka.