Mwalimu Anajibu: Cheo ni dhamana ya nani?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nipo kidato cha nne, Njombe. Azimio la Arusha, lile tamko la ujamaa na kujitegemea, nalikariri kwa ajili ya mtihani tu, maana masharti yake yenyewe hayafuatwi tena. Kweli kusoma maneno ya zamani kunaweza kumfanya mtu awe raia wa namna nyingine?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mimi kumenibadilisha, tena nimechelewa.

Utotoni tulizikariri ahadi za TANU, chama kilichotawala wakati huo, mstarini asubuhi, mpaka ulimi ukazizoea. "Cheo ni dhamana, sitakitumia cheo changu wala cha mtu mwingine kwa faida yangu." Nilidhani hayo yanawahusu wenye vyeo. Uraia kwangu ulikuwa kulipa kodi, kupiga kura na kunyamaza.

Nilipostaafu ndipo nikalisoma Azimio la 1967 taratibu, nikakwama kwenye neno dhamana. Jirani akisafiri akakuachia mbuzi wake, mbuzi si wako, na akirudi atahesabu. Sasa kama cheo ni dhamana, nani kakiweka? Azimio, mwanzoni kabisa, linasema kila raia ni sehemu ya Taifa na ana haki ya kushiriki katika serikali sawa na wengine. Ibara ya 8 ya Katiba ya 1977 haimung'unyi maneno: "wananchi ndio msingi wa mamlaka yote." Kumbe mwenye mbuzi ni mimi! Nilikuwa na miaka 61.

Kwenye mkutano mkuu wa kijiji uliofuata tulisomewa michango ya ujenzi wa darasa, jumla tupu. Zamani ningepiga makofi. Siku hiyo nilinyoosha mkono nikaomba tusomewe saruji: mifuko mingapi, kwa bei gani. Sauti ilinitetemeka. Mtendaji alinuna, lakini wiki ya pili karatasi ilibandikwa mlangoni pa ofisi, na akina mama waliotoka kisimani walitua ndoo wakaisoma mstari kwa mstari, kidole kikifuata tarakimu.

Ni kweli, masharti ya kumzuia kiongozi kuwa na mishahara miwili au nyumba ya kupangisha yalilegezwa na chama tawala, CCM, kwenye kikao chake cha Zanzibar mwaka 1991. Linaniuma mpaka leo. Ila Ibara ya 8 ipo, na ukitimiza miaka 18 mkutano wa kijiji ni wako. Kwa sasa msomee mama au bibi yako ibara hiyo, kisha muulize: mara ya mwisho kusomewa mapato na matumizi ilikuwa lini?