Magemu ya Windows Ndani ya Linux: Maswali ya Wasomaji

Barua za safari hii karibu zote zina sentensi moja: "Nimeweka Wine, gemu halifunguki." Wine ni programu inayowezesha programu za Windows kufunguka ndani ya Linux, lakini kwa sentensi hiyo pekee hatuna la kukutibu. Tuandikie kadi yako ya picha ni ipi, unatumia Linux gani, gemu ni la mwaka gani, na teminali imesema nini kabla ya gemu kufa. Waliofanya hivyo tumewajibu kwanza.

Muziki unasikika, skrini nyeusi

*Asalaam alaykum. Nina laptopu ya Core i5 kizazi cha nne, ramu GB 8, nimeweka Linux Mint. PES 2013 kwenye Windows ilikuwa ikienda bila taabu. Huku nikiifungua kwa Lutris, muziki nausikia lakini skrini nyeusi tupu, na mara nyengine inajifunga wenyewe. Nimefuta na kuweka upya mara tatu. — Msomaji, Wete*

Waalaykumu salaam. Usifute tena. Gemu zima, na Mint haina kosa.

PES 2013 huzungumza na kadi ya picha kwa Direct3D 9, lugha ambayo Linux haina. Kwa hiyo lazima awepo mkalimani, na wapo wawili. Wa kwanza ni wined3d, amo ndani ya Wine yenyewe, naye hutafsiri kwenda OpenGL, lugha ya picha ambayo Linux inaijua. Wa pili ni DXVK, hutafsiri kwenda Vulkan, lugha nyengine ya namna hiyo. Huyu wa pili ni mwepesi zaidi, ndiyo maana Lutris, ile programu unayofungulia magemu, humtanguliza yeye bila kukuuliza. Balaa lako limeanzia hapo: kuanzia toleo la 2.0, DXVK hudai Vulkan 1.3, na kadi ya picha iliyomo ndani ya Intel kizazi cha nne, ile waitayo Haswell, haiifikii. Hakikisha mwenyewe:

sudo apt install vulkan-tools
vulkaninfo --summary

Ukikuta maneno "Haswell Vulkan support is incomplete", umeshaujua ugonjwa. Dawa yake: ndani ya Lutris bonyeza gemu kwa kitufe cha kulia, ingia "Configure", kisha "Runner options", uzime "Enable DXVK", uhifadhi. Gemu litarudi kwa wined3d. Kwa wale wa Steam, duka la magemu la mtandaoni, kazi hiyo hiyo hufanywa kwenye "Launch Options" za gemu kwa kuandika PROTON_USE_WINED3D=1 %command%.

La pili: PES 2013 ni programu ya biti 32, na mfumo wako ni wa biti 64. Ukipungukiwa na nusu ile ya biti 32, picha haitokei hata ukibadilisha mkalimani. Andika:

sudo dpkg --add-architecture i386
sudo apt update
sudo apt install wine32:i386 libgl1-mesa-dri:i386

La tatu, na hili liguse pale tu gemu litakapolalamika kwamba halioni faili linaloanzia na d3dx9: tumia winetricks, programu ya kuongezea maktaba za Windows ndani ya Wine, kuweka d3dx9 ndani ya prefiksi ya gemu hilo. Prefiksi ni ile folda yenye drive_c, yaani "Windows" ya bandia ambayo gemu linadhani limo ndani yake. Kila gemu lipewe yake. Kwa mfano:

WINEPREFIX=~/Games/pes2013 winetricks d3dx9

Kuna watu wakiona gemu limegoma humwaga dotnet, vcrun, fonti na kila kilichomo kwenye orodha, kwa mkupuo. Prefiksi si chungu cha pilau. Maktaba mbili zikigongana hutajua ipi ya kulaumu. Weka moja, jaribu, ndipo uweke nyengine.

Mwisho fungua settings.exe iliyomo ndani ya folda ya gemu, uchague 1280 kwa 720. OpenGL huitumikisha prosesa zaidi kuliko Vulkan, na mashine yako haina pumzi ya ziada.

Wenye NVIDIA za zamani, nyingi za mfululizo wa GTX 600 na 700, jibu lenu linakaribiana na hili: draiva yenu ya mwisho ni ya 470, nayo huishia Vulkan 1.2. Nyinyi hamna haja ya kuizima DXVK. Teremkeni tu mpaka toleo la 1.10.3, lichagueni hapo hapo ndani ya Lutris. Intel kuanzia kizazi cha sita haimo katika mjadala huu.

Kitufe cha Play kinarudi kilipotoka

*Nasoma Tunguu. Laptopu yangu ina Windows na Ubuntu pamoja. Magemu ya Steam yamo kwenye diski D upande wa Windows. Steam ya Linux inayaona, lakini nikibonyeza Play kinageuka Stop kwa sekunde mbili tatu, halafu kinarudi Play. Hakuna ujumbe wowote.*

Diski D imeandikwa kwa mtindo wa NTFS, ule wa Windows, na kosa limo humo. Proton, yaani Wine iliyotengenezwa na Valve, wenye Steam, na kutolewa mwaka 2018, humjengea kila gemu prefiksi ndani ya steamapps/compatdata. Ndani ya prefiksi huweka viungo vyenye majina "c:" na "z:". Windows haikubali nukta mbili katika jina la faili. Kwa hiyo majina hayo ama hukataliwa tangu mwanzo, ama huandikwa, kisha Windows ikiamka inayaona ni uharibifu wa diski.

Njia safi ni kuyahamishia magemu kwenye diski ya ext4, mtindo wa Linux. Kama nafasi huna, fuata mpango huu kwa utaratibu wake.

Anzia Windows. Fungua Command Prompt kama msimamizi, andika powercfg /h off, kisha zima mashine kabisa. Bila hivyo Windows "huzimika" huku imeishikilia diski, na Linux hupewa ruhusa ya kusoma tu.

Rudi Ubuntu. Funga Steam. Tafuta UUID, yaani kitambulisho cha diski, kwa sudo blkid, na namba yako ya mtumiaji kwa id -u. Mara nyingi ni 1000. Tengeneza folda kwa sudo mkdir -p /media/gemu, kisha ongeza mstari huu mwisho wa faili /etc/fstab, ukiweka UUID yako pahala pa nukta:

UUID=.... /media/gemu ntfs-3g uid=1000,gid=1000,rw,user,exec,umask=000 0 0

Andika sudo mount -a. Ikitoa kosa, usizime mashine mpaka uurekebishe mstari huo, maana fstab yenye kosa inaweza kuizuia Ubuntu isiwake vizuri.

Sasa ipeleke compatdata upande wa Linux. Ifute ile iliyopo kwenye NTFS, ila kwanza chungulia ndani ya pfx/drive_c/users/steamuser usije ukaondoka na kumbukumbu za gemu ulilowahi kulicheza. Kisha:

mkdir -p ~/.steam/steam/steamapps/compatdata
ln -s ~/.steam/steam/steamapps/compatdata /media/gemu/SteamLibrary/steamapps/

Njia hizi ni za Steam ya faili la .deb linalopatikana kwenye tovuti ya Steam yenyewe. Ukiwa uliichukua kutoka duka la programu la Ubuntu, hiyo ni ya snap: folda zake ziko kwengine, na imefungiwa isizione diski za nje bila ruhusa. Iondoe uweke ya .deb, utajipunguzia maswali.

Ikiwa bado kitufe kinarudi, weka PROTON_LOG=1 %command% kwenye Launch Options. Faili la steam- lenye namba ya gemu na mwisho wa .log litatokea kwenye folda yako ya nyumbani. Tafuta mistari yenye err:. Ukisoma kwamba Library MSVCP140.dll haikuonekana, kinachokosekana ni maktaba iitwayo vcrun2022, nayo huwekwa kwa protontricks, yaani winetricks ya magemu ya Proton: andika protontricks, namba ya gemu, kisha vcrun2022.

Fortnite na Valorant

*Kijana wangu wa skuli ananisumbua nimtafutie fundi wa kumuwekea Fortnite na Valorant kwenye kompyuta yake ya Linux. Nimeambiwa ni shilingi laki moja. — Mzee, Fuoni*

Mzee wetu, fedha yako ikae mfukoni. Fundi atakayekwambia amezifungua hizo mbili ndani ya Linux anakudanganya.

Magemu ya kushindana mtandaoni huja na mlinzi wa kukamata wadanganyifu. Valorant inalindwa na Vanguard, ambayo hukaa ndani ya kiini cha Windows, yaani sehemu ya ndani kabisa ya mfumo. Wine haina kiini cha Windows. Inatafsiri tu maombi ya programu, basi mlinzi akija hana pa kukaa. Fortnite ni kesi nyengine. Walinzi wake, Easy Anti-Cheat na BattlEye, wameweza kufanya kazi na Proton tangu 2021, lakini mwenye gemu lazima aufungue mlango huo mwenyewe, na wenye Fortnite hawajaufungua. Vivyo hivyo FIFA 23 na FC zilizofuata kwenye kompyuta, zinazolindwa na EA AntiCheat. GTA V ya hadithi inachezeka. Ya mtandaoni imefungika tangu BattlEye ilipowekwa Septemba 2024. Kuweka Windows ya bandia kwa mashine pepe nako si njia: walinzi wengi huitambua, na akaunti ya mtoto inaweza kufungiwa.

Akiridhika na Dota 2 au Counter-Strike 2, hizo zina matoleo ya Linux yenyewe na hazihitaji Wine wala fundi.

Linakwamakwama

*Gemu linakwama kila nikiingia pahala papya, baadaye linatulia. Lakini likishafika kama nusu saa linakuwa zito moja kwa moja. — Mkoani*

Umeeleza maradhi mawili. Kule kukwama kwa mwanzo ni sheda, programu ndogo ndogo za kadi ya picha, zinatafsiriwa kila zinapoonekana kwa mara ya kwanza. Zikishatafsiriwa huhifadhiwa, na safari ya pili njia ni nyeupe. Steam inaweza kuzipakua zikiwa tayari, ila hula bando; mwenye bando dogo aizime "Shader Pre-caching" kwenye mipangilio na astahamili dakika za mwanzo.

Ule uzito wa baada ya nusu saa ni joto. Weka lm-sensors, fungua teminali pembeni, andika watch sensors, kisha cheza. Prosesa ikipanda mpaka karibu nyuzi 95 na gemu likazidi kuwa zito, mashine inajipunguzia kasi isiungue. Kwa hewa yetu ya chumvi na unyevu, vumbi hugandamana kwenye mapezi ya feni kama tope. Kupuliza kwa mdomo hakusaidii, unazidisha unyevu. Fungua, safisha kwa brashi laini, na kama laptopu ina miaka mitano badilisha na ile pesti iliyo juu ya prosesa, tone la ukubwa wa punje ya mchele. Wakati unamsubiri fundi, weka DXVK_FRAME_RATE=30 %command% kwenye Launch Options. Picha 30 kwa sekunde zinatosha kwa magemu mengi, na joto litashuka siku hiyo hiyo.

Gemu la GB 40 kwa boti

*Ndugu yangu yuko Mjini na ana intaneti nzuri. Mimi niko Chake. Gemu nimelinunua kwa akaunti yangu mwenyewe. Je, anaweza kulipakua kule akaniletea kwenye diski? — Chake Chake*

Anaweza. Aingie kwa akaunti yako, apakue, kisha anakili vitu viwili: folda ya gemu iliyomo steamapps/common, na faili la appmanifest lenye namba ya gemu lililomo steamapps. Wengi husahau hilo la pili, Steam ikaanza kupakua upya kutoka sifuri. Kwako viweke pahala pale pale Steam ikiwa imefungwa, uifungue, kisha chagua "Verify integrity of game files". Itachukua kilichopungua tu. Haidhuru kama mashine yake ni Windows, kwani gemu la Proton ni mafaili yale yale ya Windows. Diski ya kubebea iandikwe kwa mtindo wa exFAT. FAT32 haipokei faili moja linalofika GB 4, na magemu mapya yamejaa hayo. Proton yenyewe ipakue wewe mwenyewe huko kwako.

Padi haifanyi kazi

*Nina chumba cha gemu Mwanakwerekwe. Padi za bei nafuu za USB Linux inaziona, gemu halizioni.*

Magemu mengi ya sasa husikiliza XInput, yaani padi ya Xbox tu, na padi hizo huzungumza DirectInput ya zamani. Liongeze gemu ndani ya Steam kwa "Add a Non-Steam Game", kisha kwenye sifa zake washa Steam Input. Padi yoyote itajitambulisha kama ya Xbox. Kwa gemu la nje ya Steam, jaribu kwanza wine control joy.cpl uone kama vitufe vinaitika. Chomeka padi zote kabla ya kufungua gemu, la sivyo mchezaji wa kwanza na wa pili watabadilishana nafasi.

Virusi

*Nikifungua gemu la kunakiliwa kwa Wine, virusi vya Windows vinaweza kunidhuru? — Mlandege*

Ndiyo. Wine huiweka diski yako yote kama Z:, kwa hiyo programu mbovu inaweza kusoma na kufuta kila faili unaloweza kulifuta wewe. Fungua winecfg, nenda "Drives", uondoe Z:, na kwenye "Desktop Integration" ukate viungo vya Documents na Pictures. Hilo hupunguza hatari, halifungi mlango. Programu inayoijua Wine inaweza kupita pembeni. Na usiendeshe Wine kwa sudo hata siku moja.